Ukurasa wa Mzee Luhende Uliokataa Kufunguka

Wadogo zangu wa kitengo cha Tehama, hamjambo. Tangu nikabidhi funguo za ofisi mmenipigia simu mara nyingi kuliko wanangu wa kuwazaa, na kila simu inaanza na "shikamoo mama, samahani kidogo tu", kisha inaisha baada ya nusu saa. Nimeona niandike, ili siku mkinikosa hewani msome. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na zaidi kuhusu programu moja ya kuandikia iliyokuwa ikifunguka na kujifunga papo hapo, maana hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nusu fundi.

Nilipofika Geita kuanza kazi, ofisi nzima ilikuwa na kompyuta mbili, na zote zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini, baba yangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo vitambaa sikuona ajabu. Kilichonishinda ni mapokezi. Bwana aliyenipokea aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanipa kiti, halafu akachungulia mlangoni nyuma yangu. "Fundi mmemwacha wapi?" Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka, akaendelea kuchungulia. Kwa miaka mitano hivi niliishi na watu wa kunichungulia mgongoni, mpaka nikajifunza kusogea pembeni ili waone wenyewe kwamba hakuna mtu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nkwabi, ambaye ujana wake wote alitengeneza taipureta na zile mashine za kurudufu zinazochafua mikono. Kompyuta zilipoingia hakuzipenda wala hakuziogopa. Begi lake lilikuwa na brashi ya rangi ya inchi mbili, pampu ya baiskeli, bisibisi tatu na kifutio cha penseli. Nilipokiona kifutio nilidhani mzee anaandikaandika. Kumbe kwa vumbi letu hili jekundu la kiangazi, memori ya kompyuta inashika uchafu kwenye meno yake ya shaba na mashine inagoma kuwaka. Ukiichomoa, ukayasugua yale meno kwa kifutio, ukairudisha, inaamka. Nyinyi mnacheka, lakini kuna kompyuta pale masjala niliyoifufua kwa kifutio mara nne, na mwenye kiti kile hadi leo anaamini nilimbadilishia kifaa kipya.

Pampu ilikuwa ya kupulizia vumbi, na mara mbili ilitoa mjusi. Nawaambia mapema ili msiruke.

Mzee Nkwabi hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa na hasira za karibu, na hasira zote zilikuwa za kitu kimoja: fundi anayeanza kugusa mashine kabla ya kumsalimia mwenye mashine. "Unamrukia mgonjwa na mama yake amesimama pale," alikuwa akisema. "Msalimie. Muulize alikuwa anafanya nini. Kaa." Mimi niliona ni uzee. Mashine ikiharibika si imeharibika? Basi siku moja nikaletewa kompyuta ya mwalimu mkuu fulani, nzito, inajizima. Nikafuta kila kitu, nikaweka upya, dakika arobaini tu, nikajipongeza kwa soda. Mzee Nkwabi aliporudi akauliza, "Mwenyewe alikuwa na nini humu?" Sikujua. Ilikuwa mitihani ya muhula mzima, na nakala nyingine haikuwepo duniani. Mzee hakunigombeza. Alinipeleka shuleni kwa miguu, akanisimamisha mbele ya walimu, akasema, "Huyu ndiye aliyeifuta, na ndiye atakayeiandika." Niliandika maswali kwa wiki nzima, walimu wakinisomea, na wale wa Hisabati hawakunionea huruma hata kidogo. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye kesi ninayotaka muijue. Ilikuwa miaka ya karibuni tu, baadhi yenu mlikuwa mmeshaajiriwa, Mzee Nkwabi alikuwa amekwisha kufariki, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa begi. Asubuhi moja akanipigia Bundala, katibu wa baraza la usuluhishi la kata moja upande wa Rwamgasa. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kwapa, na anaandika kama anavyovaa.

"Shikamoo Mama Zuhura."

"Marahaba Bundala. Habari za huko? Watoto?"

"Wazima mama, ng'ombe nao wazima. Ila mama, kompyuta imekufa na mzee yumo ndani."

Nikamwomba arudie. Akaeleza kwa kirefu, na mimi nawapa kwa kifupi. Kuna mjane anaitwa Mama Limi, ana shamba la mihogo linaloshuka hadi kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Jirani yake ni Bwana Masanja, mwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Karasha inahitaji mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na mwalo unahitaji maji, na maji yako kwa Mama Limi. Masika moja mstari wa katani uliotenganisha mashamba hayo mawili ukaonekana umeng'olewa, na Masanja akasema hajawahi kuona katani pale, wala mpaka haukuwahi kuwekwa tangu dunia iumbwe. Aliyebaki hai kati ya wazee walioweka mpaka alikuwa mmoja tu, Mzee Luhende. Huyo alifika barazani kila siku ya gulio akatoa ushahidi, Bundala akauchapa.

"Basi si umechapa?" nikamuuliza.

"Nimechapa mama. Sasa mzee amepata kiharusi, ulimi umekufa. Baraza linakaa leo saa nane. Na Masanja amesema mbele ya wajumbe, maneno ya mzee yakisomwa leo anasaini mapatano na kuondoka. Yasiposomwa, kesho analeta katapila. Nami nikiifungua programu, inachungulia, inafunga."

Baraza hili, kwa wasiojua, halikati hukumu. Linapatanisha. Mama Limi asingepatana leo angelazimika kwenda kudai wilayani, bila shahidi, bila nauli, wakati katapila likiwa limeshamaliza kazi. Nikamuuliza Bundala swali moja tu: ameshamruhusu mtu mwingine aiguse? Akasema fundi simu wa pale senta ameitazama, akasema dawa ni kufuta yote na kuweka upya, na amekwenda kuleta flashi. "Akirudi," nikamwambia, "mkalishe, mpe chai, mpe na ya pili." Nikapanda bodaboda.

Nilipofika niliwakuta nje ya ofisi. Mama Limi alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kutolala. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa Mzee Luhende mwenyewe, amevaa koti zito na joto lile, mkono wa kulia umelala tu kwenye goti. Nilikuwa na haraka, lakini nilimsikia Mzee Nkwabi kichwani mwangu akianza kukasirika, nikasimama, nikamsalimia kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.

"Shikamoo baba. Mwangaluka."

Akanyanyua mkono wa kushoto, akauweka kichwani pangu, akauacha pale. Ndiyo ilikuwa marahaba yake. Mama Limi akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, anaelewa yote. Kusema tu ndiyo hawezi." Nikaingia ndani.

Kompyuta ilikuwa mzee mwenzake. Programu kubwa za kuandikia ilikuwa haiziwezi, kwa hiyo mmoja wenu, na namjua, alikuwa amemwekea Bundala ile programu ndogo ya maandishi matupu, isiyo na mapambo. Ni nzuri na nyepesi. Ina tabia moja: ukiifunga bila kuhifadhi haikusumbui, inakutunzia kurasa zako yenyewe mahali pa siri, na ukiifungua kesho inazirudisha kama ulivyoziacha. Nikabofya. Dirisha likatokea, likawa jeupe, likaganda kidogo, likapotea. Nikabofya tena, ikawa vilevile. Fundi simu alikuwa pembeni na chai yake ya pili, akanitazama kwa heshima ya mtu anayejua kwamba atapata zamu yake.

Sikilizeni hapa, maana hili mtakutana nalo. Programu ikifa inapofunguka, jambo la kwanza ni kujua kama mgonjwa ni programu au ni kile inachojaribu kukifungua. Nikaiita kwa amri, nikaiambia ifunguke tupu, isirudishe kurasa za jana. Ikafunguka palepale, safi kabisa. Bundala akapiga makofi. "Imepona!" Halafu akaona ukurasa hauna kitu, mikono ikabaki hewani.

"Mama, mzee yuko wapi?"

"Yupo," nikamwambia, ingawa nilikuwa sijui.

Programu ilikuwa nzima, basi. Tatizo lilikuwa ukurasa. Nikaenda kwenye ile folda iliyofichwa ambamo kurasa zisizohifadhiwa hutunzwa. Fundi mwenye haraka akifika hapo anaifuta folda nzima, programu inafunguka, anashukuriwa na kuondoka, na ushahidi wa Mzee Luhende ungekwenda na maji. Ndani nikakuta faili moja tu, halina jina, na ukubwa wake ulinifanya nivue miwani, niifute, niivae tena. Lilipita megabaiti mia tatu. Maandishi matupu, jamani. Biblia na Kurani ukiziweka pamoja hazifiki hata sehemu ya thelathini ya hapo. Kompyuta ile maskini, kila asubuhi ilikuwa inajaribu kulinyanyua lile faili lote kwa mara moja, inashindwa, inaanguka.

"Bundala, mzee alisema maneno mangapi?"

"Kama kurasa mbili mama. Tatu ukiweka na salamu."

Hapo nikafanya kile ambacho Mzee Nkwabi alinipigia kelele miaka kumi ili nikifanye. Nikavuta kiti. Nikamwambia Bundala, "Usinieleze. Nionyeshe. Mzee akifika siku ya gulio, wewe unafanyaje?"

Akakaa kwenye kibodi, akanyoosha mgongo. Kwanza, akasema, mzee anasalimia, na salamu zinaandikwa, maana ni sehemu ya maneno yake. Halafu mzee anataka asomewe yote aliyosema gulio lililopita. Halafu anarekebisha, kwa sababu amelala akakumbuka vizuri zaidi. Bundala akabonyeza vitufe: akachagua ukurasa wote, akaunakili, akashuka chini kabisa, akaubandika. "Sasa narekebisha hii ya chini."

"Kwa nini unanakili? Si urekebishe ileile?"

Akanigeukia kama niliyemwambia amvue mzee kofia. "Maneno ya mzee nitayafutaje, mama? Ameshayasema mbele ya watu. Mimi ni nani niyafute? Ya juu nayaacha kama yalivyo, naandika chini."

"Na kila gulio unanakili ukurasa wote? Na zile nakala za nyuma?"

"Wote. Nikichagua nusu si nitakuwa nimembagua?"

"Na mbona hukuuhifadhi kwa jina?"

"Jalada halipewi jina wala namba mpaka pande zote mbili ziseme. Ndio utaratibu wetu. Na Masanja alikuwa hajasema kitu, zaidi ya kwamba hakuna mpaka."

Nikatoa simu, nikaanza kupiga hesabu. Gulio la kwanza, ushahidi mmoja. La pili, miwili. La tatu, minne. La nne, minane. Mzee Luhende alikuwa amekuja magulio kumi na saba. Nikafika mwisho, nikarudia kwa kutoamini. Ndani ya lile faili mzee alikuwa ametoa ushahidi wake mara elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita.

"Gashi! Kumbe!" akasema Bundala, taratibu sana. "Ndiyo maana siku ile ya mwisho ilikuwa inafikiri muda mrefu. Mimi nikadhani inamwelewa."

Nilicheka hadi machozi. Fundi simu alicheka hadi chai ikampalia. Bundala naye, baada ya kupigana na heshima yake kidogo, akashindwa. Ndipo Mama Limi akatokea mlangoni, mkoba kifuani, uso umewaka matumaini. "Mnacheka? Amepatikana?" Kicheko kikaniisha. Nilikuwa sijui kama amepatikana. Bundala alikuwa amesema kwamba gulio la mwisho umeme ulikatika wakati programu bado "inafikiri", na hayo maneno ya mwisho ndiyo mzee aliyoyathibitisha kwa mdomo wake kabla ya kiharusi. Nikaona aibu ileile ya mbele ya walimu. Nikamwambia ukweli: "Bado, dada yangu. Nipe saa mbili."

Kwanza nilinakili ile folda yote kwenye diski yangu, na sikugusa kingine mpaka ilipokamilika. Hiyo si hiari, ni amri. Kisha kwenye kompyuta yangu mwenyewe, yenye nguvu, sikujaribu kulifungua lile faili. Nililikata mkia. Kuna amri ya kutoa mistari ya mwisho tu ya faili bila kuligusa lililobaki, na mkifika kwangu nitawaonyesha, ni ya bure. Nikaomba mistari mia moja ya mwisho, nikafumba macho, nikafumbua.

"Mwangaluka wote mliomo humu," ilisema skrini. "Mimi Luhende nimekuja tena."

Nikashuka hadi chini. Yote yalikuwepo, hadi neno la mwisho: "Nimemaliza, na leo nimemaliza kweli." Umeme ulikatika mzee ameshamaliza. Nikamwita Mama Limi, nikamsomea huo mstari mmoja. Akakaa chini sakafuni palepale na kujifunika uso kwa khanga. "Wabeja," akawa anashukuru mle ndani ya khanga. "Wabeja, mayu, wabeja sana." Sioni haya kusema kwamba na mimi nililia, na fundi simu akatoka nje kuangalia pikipiki ambayo hakuja nayo.

Muda ulikuwa umebaki, nikafanya kazi ya ziada kwa udadisi tu. Niliandika amri fupi ya kulikata faili kila salamu inapoanza na kutupa kila nakala inayofanana na iliyotangulia. Zile elfu sitini na tano zikayeyuka, zikabaki kumi na saba, kila gulio na yake. Nikazisoma zote nikisubiri printa, ambayo nilikuwa nimeshaitingisha wino mara mbili.

Saa nane baraza likakaa. Mwenyekiti alikuwa Mama Kabula, mama mkubwa wa umbo na sauti, muuza vitunguu siku za gulio. Masanja aliingia na miwani ya jua, akasalimia vizuri, na shikamoo akampa hata Mzee Luhende. Si mtu asiye na adabu. Alipoona karatasi mkononi mwa Bundala adabu ikapungua.

"Hiyo imetoka kwenye mashine leo," akasema, "na imepikwa leo. Mzee hawezi kusema, mnamsemea. Hata mimi naweza kuandika kwamba Luhende kanipa lambo."

Kwa kweli hoja yake ilikuwa na miguu. Wajumbe wakatazamana. Mama Kabula akanigeukia. "Fundi, unasemaje?"

Nikafungua kompyuta yangu mezani, nikamwomba Bundala asome mwanzo wa gulio la kwanza. Mzee alisema siku ya kuweka mpaka alikuwepo ng'ombe dume mwekundu wa kuvuta jembe. Gulio la nne dume akawa mweupe mwenye mabaka. Gulio la sita wazee waliokuwepo walikuwa watano, la saba wakawa sita, la tisa mmoja akafukuzwa kwa kuwa ilikumbukwa kwamba siku hiyo alikuwa Nkome kununua dagaa. Mvua ilikuwa imenyesha, haikunyesha, ikanyesha jioni.

"Mnaona?" Masanja akasema. "Anabadilika kila siku."

"Mpaka je?" nikamuuliza Bundala. "Soma mstari wa mpaka, magulio yote."

Akasoma. Kutoka kichuguu kikubwa, kwa mstari wa katani, hadi jiwe jeupe la lamboni. Akasoma la pili: kichuguu, katani, jiwe. La tatu. La nane. Kufika la kumi na mbili wajumbe walikuwa wanaitikia pamoja naye kama kibwagizo. Dume alibadilika rangi, watu waliingia na kutoka, lakini mpaka haukusogea hatua moja.

"Na mimi gulio la kwanza nilikuwepo hapa," akasema Mama Kabula. "Alisema mwekundu. Nilijiuliza moyoni, wazee hawa walipata wapi dume mwekundu. Haya hayajapikwa leo, Masanja."

Nilikaa pale nikijisikia mjinga wa aina ya pekee. Asubuhi nilikuwa nimecheka kosa la Bundala. Kama angefanya kama ninavyowafundisha nyinyi kwenye semina, akarekebisha juu kwa juu na kubakiza nakala moja safi, tungekuwa na karatasi moja isiyo na ushahidi wowote kwamba ni ya jana. Nilijifunza kuokoa faili nikiwa kijana; kwamba mtu anaweza kuwa na sababu ya kuandika kama anavyoandika nilijifunza siku ile, nikiwa nakaribia kustaafu.

Masanja alivua miwani, akaikunja. "Someni basi hiyo ya mwisho," akasema. "Nasikiliza."

Bundala akasimama na karatasi, akasoma kwa sauti yake ya kanisani. Kichuguu, katani, jiwe. Kisha akafika mwisho: "Na mpaka ulipokamilika, wazee wakachinja mbuzi, wakala, wakaagana."

Kiti cha plastiki kikalia. Mzee Luhende alikuwa amenyanyua mkono wa kushoto juu, vidole viwili vimesimama.

"Mzee anataka kusema," akasema Mama Kabula.

"Hatua mbili?" Bundala akauliza. Mzee akatikisa kichwa. "Watu wawili? Siku mbili?" Mzee akatikisa kichwa kwa hasira, vidole vikiwa palepale. Mama Limi akapiga magoti mbele yake, akamtazama usoni, naye akashindwa kuelewa. Nilimwona mzee akihangaika na ule ulimi wake uliolala, na chumba kizima kikahangaika naye.

"Mbuzi," akasema Masanja toka kwenye kiti chake. "Anasema mbuzi walikuwa wawili. Marehemu baba alikuwa akisimulia. Wa kwanza wazee walimmaliza kabla mpaka haujafika lamboni, ikabidi achinjwe mwingine."

Watu wakacheka, na Masanja akacheka nao, kicheko kizuri cha mtu aliyekumbuka baba yake. Kicheko kikapungua taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki yeye peke yake.

"Masanja," akasema Mama Kabula kwa upole. "Mpaka gani huo?"

Masanja alitazama miwani yake mkononi, kisha akamtazama Mzee Luhende, ambaye alikuwa anamwitikia kwa kichwa, tena na tena, amefurahi tu kwamba hatimaye kuna mtu amemwelewa. Sidhani mzee alikuwa anawaza kesi. Masanja akanyanyuka, akaenda mezani, akaomba kalamu, akasaini. Kisha akapita mbele ya Mama Limi na kusema atarudisha katani kwa mkono wake mwenyewe, na Mama Limi akamjibu kwamba atamwonyesha pa kuchimba.

Bundala akarudi kwenye kibodi. Mzee Luhende hakushusha vidole vyake mpaka aliposomewa, polepole, kwamba imeandikwa: mbuzi walikuwa wawili.